Nyimbo Tatu Mpaka Kisimani

Mwaka 1975, wakati wa kiangazi, alikuja kijijini kwetu kijana mmoja kutoka Chuo Kikuu. Jina lake Darwesh. Alikuja na fomu, saa ya kubonyeza ambayo ukiibonyeza inaanza kuhesabu na ukiibonyeza tena inasimama, na barua ya kumruhusu kuchunguza habari za michezo na mazoezi ya mwili katika vijiji vya ujamaa.

Wakati huo mimi na mume wangu Mfaume tulikuwa na mwaka mmoja tu pale kijijini, upande wa Isikizya. Kabla ya hapo tulikaa Kanyenye, Tabora mjini, Mfaume akishona nguo barazani. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, na Kinyamwezi nilikijua kwa bibi yangu, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masele, akasema mimi ndiye nitakayemtafsiria mgeni akizungumza na wanawake.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa. Wilaya ilikuwa imetaka kila kijiji kifanye mazoezi, na Mzee Masele alitaka watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, wakimbie mchakamchaka kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Sisi wanawake saa hiyo tulikuwa njiani kwenda kisimani. Kile kisima kilikuwa shimo kwenye mchanga wa mto mkavu. Ndoo kumi na tano za kwanza maji yake safi. Ukichelewa unakuta ng'ombe wameshapita, unachota tope, au unakaa kusubiri mchanga utoe maji mengine mpaka adhuhuri. Na mwanangu Yahaya alikuwa na miezi minane, tumbo linamwendesha wiki ya pili. Muuguzi wa zahanati aliniambia maji ya tope hata nikiyachemsha nisimpe.

Tulimweleza Mzee Masele. Akasema, "Mgeni atapima. Akikuta mnatembea zaidi ya saa moja kwa siku, mmesamehewa. Ikiwa chini ya hapo, mtakimbia kama wengine." Ilikuwa haki, tukakubali.

Basi Darwesh akakaa kwenye kibao mbele ya ghala, akauliza wanawake mmoja mmoja. Swali la kwanza: unafanya mchezo wowote au mazoezi ya mwili? Wote walijibu hapana. Pelagia, jirani yangu, mtu wa maneno, alisema, "Mimi nina watoto watano. Wao ndio wanaocheza."

"Na maji mnafuata umbali gani?" akauliza Darwesh.

"Nyimbo tatu," akasema Pelagia.

Nikatafsiri, nyimbo tatu. Aliyefuata akasema nyimbo tatu. Wote kumi na mmoja, nyimbo tatu. Darwesh akaweka kalamu chini.

"Mama Yahaya, nyimbo tatu ni maili ngapi?"

"Maili sijui, ndugu yangu. Hapa ndivyo tunavyohesabu. Hata babu zetu waliobeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani walihesabu hivyo. Wimbo ukiisha, mnatua mizigo, mnapumzika. Halafu mnaanza mwingine."

Alifurahi, akaandika yote. Kisha akatoa ile saa. "Basi niimbie mmoja, mwanzo mpaka mwisho."

Nikaona haya kidogo, lakini nikaimba. Ubeti wangu ulikuwa huu:

*Kanyenye nimeacha bomba mlangoni,*
*leo nafuata maji na ndoo kichwani.*

Kiitikio ni *twende, njia ni hii*, na kinarudiwa mara nyingi, maana ndicho kinachosogeza miguu. Nikaimba ubeti wangu na kiitikio chake mpaka mwisho, nikanyamaza. Darwesh akabonyeza saa. Dakika mbili na nusu. Akanishukuru, nami nikarudi kwa mwanangu, nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Siku ya pili yake Mzee Masele alitusomea mkutanoni. Nyimbo tatu, kila mmoja dakika mbili na nusu, ni dakika saba na nusu. Kwenda na kurudi, robo saa. Wanawake wa kijiji hiki hawafanyi mazoezi ya kutosha. Mchakamchaka waanze Jumatatu.

Wanaume walicheka. Pelagia alinigeukia. "Mwanahawa, ulimwambia nini yule mtu?"

"Nilimwimbia."

"Ulimwimbia na nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wimbo wa njiani hauimbwi na mtu mmoja. Anayetangulia anatoa ubeti wake, wote wanaitikia, kisha wa pili anatoa wake, hivyo hivyo mpaka wa mwisho kwenye mstari. Mpaka wa mwisho amalize hakuna anayetua mzigo. Jambo hili kwetu lilikuwa la kawaida kiasi kwamba halikunijia kulisema. Mimi nilimpa ubeti mmoja, naye akaandika wimbo.

Jioni ile nilikwenda na Pelagia nyumba ya mwalimu wa shule, alikofikia Darwesh. Tukamkuta anapanga makaratasi. Nikamwambia hesabu ina kosa, na kosa ni langu.

"Mama Yahaya, nilipima kwa saa," akasema, kwa upole tu. "Sasa nikibadilisha namba kwa sababu watu hawakuipenda, huo si utafiti tena. Na wote mnajua kilicho mbele. Mtu yeyote angerudi kuniambia wimbo ni mrefu zaidi."

Sikumlaumu. Alisema kweli. Lakini mimi tangu utoto nikizidiwa maneno nakimbilia vitendawili.

"Kitendawili," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. Hata msomi, ukimwambia hivyo, ulimi wake unajibu wenyewe. "Tega."

"Akiwa mmoja ni mfupi, wakiwa wengi ni mrefu, na hautuliwi mpaka wa mwisho aseme."

Akafikiri. Akasema foleni ya duka. Nikasema siyo. Akasema mkutano wa kijiji. Pelagia alicheka mpaka akashika mlango, lakini siyo.

"Nipe mji," nikasema.

"Chukua Dodoma."

"Nimekwenda Dodoma, nimekula nimeshiba. Lakini jibu sikupi hapa. Liko njiani. Kesho saa kumi na moja alfajiri, mbele ya ghala."

Akaja. Amevaa viatu vya raba, saa mkononi, daftari mfukoni. Sisi tulikuwa kumi na wawili, kila mmoja na ndoo juu ya kata ya kitambaa. Yeye akawa wa mwisho kwenye mstari. Pelagia alianza, Darwesh akabonyeza saa.

*Masele amelala, na viatu vyake vimelala,* akaimba Pelagia, tukaitikia. Alipomaliza, akaingia wa pili. Nikageuka, kwa mbalamwezi nikamwona Darwesh anatazama saa, kisha anatazama mstari, anahesabu vichwa vyetu kwa ncha ya kalamu.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka mtu wa kumi na mbili alipomaliza. Darwesh akasimama, akidhani tunatua. Hatukutua. Tuliendelea kutembea tukiitikia kiitikio kile kile, *twende, njia ni hii*, tena na tena.

"Mbona hampumziki?" akauliza.

"Kuna mtu hajatoa ubeti," akasema Pelagia bila kugeuka.

"Nani?"

"Tuko kumi na watatu."

Alitembea hatua kama hamsini akigonga kalamu kwenye daftari. Shingo zetu zilikuwa zinachoka na kusubiri. Kisha kwa sauti ya mtu asiyezoea, akaimba:

*Unacheza mchezo gani, mara ngapi kwa wiki?*
*Jibu kwa ukweli, fomu haidhihaki.*

Tuliitikia kwa nguvu kuliko tulivyomwitikia mtu yeyote asubuhi ile. Akamaliza, tukatua ndoo, akabonyeza saa. Dakika thelathini na tatu, na ulikuwa wimbo wa kwanza tu. Alikaa chini kwenye nyasi, akavua kiatu kimoja, akatoa mchanga.

Nyimbo mbili zilizobaki alitoa beti zake bila kukumbushwa.

Jioni alisimama mkutanoni akasema wanawake wanatembea saa tatu kwa siku, na kurudi wamebeba. Mzee Masele akamwuliza, "Juzi ulisema robo saa."

"Juzi nilipima nikiwa nimekaa, mzee."

Mzee Masele alikuna kidevu. Akasema basi, neno lake ni lile lile, wanawake wamesamehewa. Jumatatu wanaume walikimbia, naye akiwa mbele, na viatu vyake.

Sisi siku hiyo tulifika kisimani kabla ya ng'ombe. Nilikuwa wa tatu. Maji yalikuwa safi, unaona mchanga chini. Yahaya alikunywa ya siku ile na ya siku za baadaye, na kabla ya mvua za kwanza tumbo lilikuwa limetulia.

Darwesh alipokuja kuaga aliniambia jibu amelipata, ni wimbo, na kwa hiyo nimrudishie Dodoma yake. Nilikataa. Sisi ndio tuliomtembeza mpaka kwenye jibu, hakulipata mwenyewe. Dodoma ninayo mpaka leo.