Ngazi za Kwenda kwa Baba

Nyumba yetu ya mjini Nam Định nimeijenga mwenyewe: upana wa mita nne, ghorofa nne kwenda juu, kama nyumba zote za mtaani. Madhabahu ya marehemu baba, ya kumfukizia ubani na kumwekea chai, nikaiweka juu kabisa. Nani angethubutu kutembea juu ya kichwa cha marehemu? Kila mgeni nilimpandisha akaione, nami kifua mbele.

Mama, Bi Nhàn, ana miaka themanini na moja na magoti mabovu. Nilimpa chumba cha chini, nikamwambia ubani wa baba aniachie mimi. Basi asubuhi nikawa nasahau kuuwasha. Lakini kila jioni nikipanda nakuta ubani umeshaungua na chai imebadilishwa. Nikajisemea, huyu bibi bado ngangari!

Jumanne nilirudi saa sita mchana, nimesahau miwani. Nikasikia kitu kinaburuzika ngazini. Nikapanda mbio nikidhani ni mwizi.

Alikuwa mama. Amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, mgongo kauelekeza juu, anajinyanyua kwa mikono, makalio yanafuata, ngazi moja moja. Birika la chai kajifunga shingoni kwa kitambaa. Suruali imechanika nyuma, viganja vimeota sugu.

"Usinitumbulie macho, Khiêm," akasema huku anahema. "Shika birika, litamwagika."

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

Miaka mitatu! Nikakaa palepale.

"Na kushuka je?"

"Aa, kushuka rahisi. Nusu saa tu."

"Leo hii namshusha baba! Naenda kumwomba ruhusa sasa hivi." Maana kwetu marehemu hahamishwi hivi hivi. Unarusha sarafu mbili mbele yake. Zikilala moja chali, moja kifudifudi, amekubali.

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Tulia wewe. Nilishamuuliza wiki ile ile ya kwanza. Nilirusha mara moja tu, akakubali."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akanyoosha mguu wake mbovu, akalikanda goti.

"Ulikuwa unawapandisha wageni kila siku, mwanangu, umefurahi kweli kweli. Nikasema nisikuharibie. Nikangoja uniulize nafikaje huko juu."