Meli Yenye Mgongo wa Kabati

Kwa miaka miwili kazi yangu katika karakana ya baba mdogo, hapa Rubongi, Uganda, ilikuwa kupiga msasa na kupaka vanishi. Kukata na kuunga mbao kulikuwa kazi ya wanaume. Halafu akaja Mwalimu Nerima kutoka Busia, upande wa Kenya, na picha ya meli ya kivita ya Wareno wa zamani, ya matanga na mizinga. Alitaka ya mbao, ya kufundishia historia. Kila mita ya meli ya kweli iwe sentimita mbili.

Opendi, fundi wetu wa vitanda, alisema hana muda wa vitu vya kuchezea. Mimi nikasema, polepole, kwamba ninaweza.

Baba mdogo aliniangalia sana. "Haya, Awor. Mwalimu akiipenda, unapata meza yako ya ufundi. Akiikataa, unarudi kwa msasa, na usiniombe tena."

Ilinichukua wiki sita. Mbavu nilizikata kwenye mabaki ya mvule, nikazivalisha vibao vyembamba nilivyoloweka kwenye maji ya moto ili vipinde. Matanga niliyashona kwa shuka kuukuu.

Jumamosi mwalimu alikuja. Alitabasamu, akagusa mlingoti. Halafu akaigeuza meli.

Nyuma kulikuwa na plaiwudi tupu, imeshikwa na misumari minne.

"Na huku? Mizinga ya huku iko wapi?"

Opendi alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mwalimu, huyu amekutengenezea kabati! Sukuma kwa ukuta, weka nguo."

Alisema kweli. Kwetu hakuna fundi anayehangaika na mgongo wa kabati, maana ni ukuta tu unaouona. Picha nayo ilionyesha upande mmoja, na mimi sijawahi kuona meli kwa macho yangu.

"Binti, meli hupigana pande zote mbili," mwalimu alisema, kwa upole ulioniumiza zaidi.

"Tusamehe, mwalimu," baba mdogo akasema. "Opendi ataifanya upya."

Nikajua nisiposema sasa, nimekwisha.

"Inafunguka."

Hakuna aliyesikia.

"Mwalimu, inafunguka!"

Nikachukua koleo, nikang'oa misumari. Ndani kulikuwa na sakafu tatu, kwa sababu mikono yangu haikujua kutengeneza kitu kirefu namna ile bila rafu. Juu nilipanga vitanda vya mabaharia, na katikati mizinga sita ilikaa nyuma ya vidirisha vyake. Chini kabisa niliweka mapipa ya maji, kwa kuwa mwalimu alituambia watu wale walikaa baharini miezi mingi.

Mwalimu alipiga magoti kwenye maranda na sketi yake safi.

"Wueh! Si wanafunzi wangu wataona mpaka mabaharia walipolala! Hiyo plaiwudi usiirudishe. Upande wa pili nitawachorea ubaoni. Niongezee ngazi tu, na mabaharia ishirini."

Baba mdogo alinigeukia mimi, si Opendi. "Utamaliza lini?"

"Alhamisi."

Mwalimu alipoondoka, nilikaa palepale chini. Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Opendi alikuwa ameanza kuondoa makopo yake ya rangi kwenye meza ya dirishani.

"Unangoja nini, fundi?" akasema. "Njoo ufute meza yako. Mimi vumbi lako sifuti."