Ngano ya Nicandro kwenye Sikukuu ya Mtakatifu Roko

Upepo wa moto ulishuka kutoka mlimani zikiwa zimebaki siku mbili tu sikukuu ya Mtakatifu Roko ifike. Ersilia akapanda darini akafunga madirisha yote. Humo tambi zake zilining'inia juu ya fito, bado mbichi katikati. Upepo ule ungezipiga, zingekauka nje kabla ya ndani, kisha zingepasuka.

"Fungua, shemeji," alisema Nicandro, mdogo wa marehemu mumewe. "Au tuwashe feni. Kijiji kizima kinasubiri kula."

"Zikipasuka watakula makombo, halafu watasema ngano yako mbovu. Hizi zitakauka kwa wakati wake, hata sikukuu ikipita."

Ngano ilikuwa ya Nicandro, ya mbegu ya babu yake, iliyopandwa baada ya dengu bila mbolea ya gunia. Kampuni moja ilitaka kulikodi shamba iweke mitambo ya umeme wa jua. Naye alikwishasema: watu wakila ngano hii sikukuuni wakaitaka tena, atapanda; wasipoitaka, atatia saini.

"Basi nimwambie padri tununue tambi za dukani."

"Thubutu." Ersilia alijipangusa mikono. "Mungu ametupa ngano. Hakusema lazima tambi zake zikauke kwanza."

Akafanya ishara ya msalaba, akateremka, akabisha hodi mlango kwa mlango.

Alfajiri ya sikukuu wanawake walitoa mbao zao uchochoroni. Walikanda unga wa ngano ile kwa maji ya moto, wakausokota kamba nyembamba, wakaukata, kisha kila kipande wakakibonyeza na kukivuta kwa vidole viwili mpaka kikajikunja kama kombe dogo. Ndizo kavateli, chakula cha bibi zao, na hazihitaji dari wala upepo.

"Nicandro, njoo ukae," aliita jirani, Pasqualina. "Au vidole vyako vinajua usukani wa trekta tu?"

"Vyangu vinene, mama."

"Afadhali. Mchuzi utapata pa kulala."

Akakaa. Pasqualina akaokota kazi ya kwanza ya Nicandro, akaigeuzageuza. "Hii kavateli au sikio la punda?" Uchochoro mzima ukacheka, naye Nicandro akacheka nao huku akiendelea kubonyeza.

Sanamu ya mtakatifu iliporudishwa kanisani baada ya maandamano, masufuria yalikuwa yanachemka. Watu walikula kwa mchuzi wa nyanya na jibini ya kondoo, bila maneno mengi. Mzee Crescenzo, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisifu chakula cha mtu, alirudi na sahani tupu.

"Unga huu," alimuuliza Nicandro, "utabaki wa Krismasi?"

"Na mimi niwekee," alisema mwanamke nyuma yake.

Nicandro akamtazama Ersilia. Ersilia alikuwa anapakua na hakuinua kichwa. Jibu halikuwa lake.

"Utabaki," Nicandro alisema. "Ila msinimalizie ngano yote. Natoa kwanza mbegu."