Peni Isiyo na Tundu

Mtu akinyamaza kanisani huku akijua jambo, je, amedanganya au amesali? Swali hilo lilimkwama Okullo kooni kama mwiba wa samaki ngege asubuhi moja ya Jumapili, katika kanisa dogo la mabati pale Kyebando, na jibu lake hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni macho mazuri, na macho hayo yalikuwa yamekwisha kumponza.

Yote yalianza wakati wa sadaka. Okullo, mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya polisi, alikuwa amesimama kando ya kapu akiwapulizia waumini wimbo wa kuwalainisha mioyo. Wenye fedha walitoa fedha. Wasio nazo walileta mihogo, mayai, na jogoo mmoja aliyekata tamaa. Ndipo Mama Florence Alal, mjane wa rafiki yake Sajini Ogwang, alipofungua fundo la leso yake na kudondosha kapuni sarafu pana ya shaba. Okullo aliitazama mara moja tu. Noti ya juu ikampasukia mdomoni, na watoto wa Shule ya Jumapili wakacheka bila kumwogopa Mungu.

Kwa desturi ya kanisa lile, vitu vya kapuni hunadiwa mara baada ya baraka. Kwa desturi ya Okullo, yeye huwa amekwisha kutoweka kabla ya baraka, akidai kwamba tarumbeta isipokaushwa upesi huota kutu. Siku hiyo tarumbeta iliachwa iote kutu itakavyo. Okullo aliketi benchi la mbele, akakunja mikono, akautengeneza uso wake ufanane na wa mtu asiyetaka kitu.

Mnadi alikuwa Guerschom, Mkongomani muuza viatu vya mitumba, mwenye sauti ya kuuza kiatu kimoja kwa mtu mwenye miguu miwili. Kila kitu alikipitisha mbele ya pua za waumini. Sarafu ilipofika kwenye pua ya Okullo ilisimama kidogo. Upande mmoja, mfalme mwenye ndevu. Upande wa pili, yule bibi wa Kiingereza aliyeketi na mkuki wake wa meno matatu kana kwamba anangoja samaki. Chini yake, mwaka 1919. Na kushoto kwa mwaka, herufi mbili ndogo kama viroboto: KN.

Viroboto hao wawili walikuwa wamemnyima Okullo usingizi kuliko mwanamke yeyote. Alikuwa mkusanyaji wa peni za Kiingereza. Ugonjwa huo aliambukizwa ujanani na mkuu wa bendi, Mwingereza aliyempa peni moja kila alipopiga wimbo mzima bila kukosea. Kwa hiyo mkusanyo ulikua polepole mno. Serikali mpya ilipoingia mwaka 1986 na kumpumzisha, Okullo alirudi nyumbani na tarumbeta ambayo hakuna aliyekumbuka kuidai, pamoja na kopo la mafuta ya kupikia lililojaa peni, karibu kila mwaka na peni yake. Iliyokosekana ni peni ya KN, iliyopigwa katika kiwanda cha watu binafsi kilichoisaidia serikali ya Mfalme kwa muda mfupi, kisha kikaacha. Mara kadhaa aliwahi kushiriki minada ya London kwa posta. Lakini barua ya Kampala husafiri kwa heshima, haikimbii. Ya kwake ilifika kila mara nyundo ikiwa imekwisha kugonga, na wenye mnada wakamjibu kwa masikitiko yaliyopigwa chapa vizuri sana.

Na sasa peni ile ile, isiyochakaa hata kidogo kwa kuwa ilitunzwa kitambaani pamoja na medali za baba yake Ogwang, ilikuwa imelala katika kiganja cha muuza viatu.

"Haya, batu ya Mungu!" Guerschom alinguruma. "Feza ya Mufalme! Baba mukwe wa Mama Alal aliileta toka London, kwenye gwaride la ushindi, kiisha vita ya Hitila. Mama anashukuru juu ya mujukuu wake. Nani anaanza?"

"Shilingi mia tano," alisema Okullo kwa sauti ya miayo, sauti aliyoifanyia mazoezi tangu sala ya wagonjwa.

Vichwa vikageuka. Jogoo naye alionekana kugeuka.

"Muzee Okullo?" Guerschom aliuliza kwa upole. "Uko mugonjwa?"

"Nimesema mia tano."

"Pasta, andika tarehe ya leo ndani ya Biblia!" Guerschom aliita.

Watu walicheka mpaka benchi la wanakwaya likalia. Okullo alitabasamu, akidhani kicheko kimemaliza biashara. Hakujua kwamba mtu mchoyo akinunua, huwa amekipigia kitu hicho tarumbeta kuliko mnadi. Bwana Mushagalusa, muuza vitenge wa soko la Nakawa na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliinuka taratibu.

"Mimi namujua huyu muzee," alisema Mushagalusa. "Hanunuaka hata kiberiti, anakuja kuomba moto kwangu. Leo anataka peni? Ndani ya ile peni kuna zahabu. Elfu moja!"

"Haina dhahabu hata chembe," Okullo alisema.

"Basi uniachie."

"Elfu mbili."

"Munaona? Munaona? Elfu tano!"

Kila neno alilolitamka Okullo lilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana lilimchoma. Angesema uongo angalau angejua anatubu nini. Bei ilipanda. Mke wa askari magereza wa Luzira, aliyekuja kumtembelea dada yake, aliingia kwa elfu nane kwa sababu tu hakupenda mtindo wa kofia ya Mushagalusa. Mushagalusa akamjibu kwa kumi na tano. Okullo akataja ishirini, akiwa ameufumba mdomo nusu kama anayeng'olewa jino. Mushagalusa akataja thelathini na tano.

"Arobaini," alisema Okullo. Hiyo ilikuwa pensheni yake yote iliyokuwa mfukoni, na ilikuwa imefika juzi.

Mushagalusa alifungua kinywa. Mkewe Séraphine akaushika mkia wa koti lake kwa mikono miwili, akauvuta chini kama anayefunga dirisha.

"Papa Gradi, ikala! Ile ni minerval ya mutoto, feza ya masomo."

"Mama, ni zahabu..."

"Gradi atasoma na zahabu gani? Ikala!"

Papa Gradi akaketi. Guerschom akaipiga ngoma ya kanisa mara tatu, kwa kuwa nyundo hawakuwa nayo, na peni ikawa ya Okullo. Alinyoosha mkono. Guerschom hakumpa.

"Kwa nani?" aliuliza Guerschom.

"Kwangu."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza.

"Muzee, weye hujui? Kitu ya bei kubwa ya siku haiendaka na mununuzi. Unapea mutu, ao unarudisha kwa kapu tunauza tena, mununuzi wa pili anaenda nayo. Ni hivi tangu tulijenga hapa."

Kweli, ilikuwa hivyo tangu walipojenga. Watoto walijua, vipofu walijua. Asiyejua alikuwa mmoja, aliyekwenda kukausha tarumbeta kila Jumapili. Okullo alisimama na mkono wake hewani. Mzee Pasta Ogwal, mtu mfupi mwenye haraka, alitazama dari. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga bati, na mawili yalikuwa yamekwisha kuingia ndani na kumpata shingoni.

"Mpe mtu, ndugu," alinong'ona Pasta, "twende kabla hatujabatizwa upya."

Ndipo Mama Alal aliposimama. Alijifunga leso yake vizuri, kama mtu anayekwenda kubeba mzigo.

"Mimi nilikuwa naona haya," alisema. "Mnajua hii pesa haiko na tundu."

Wazee walitikisa vichwa kwa huruma. Sarafu zote za shaba walizozijua tangu utoto wao, zile senti za wakati wa mkoloni, zilikuwa na tundu katikati, ili mtu azitunge kwenye kamba na kuzifunga kiunoni. Sarafu nzima kama ile ilikuwa sawa na sindano iliyosahauliwa jicho.

"Mzee wangu alisema Wazungu walisahau kutoboa. Nimebeba hivyo hivyo. Jana nikapeleka kwa fundi wa kuchomelea, pale barabarani, atoboe vizuri, Mungu asipewe kitu nusu. Ameshaweka kwa mashine, ameshafunga, halafu umeme ukapotea."

Okullo alishika benchi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimshukuru Mungu kwa mgao wa umeme.

"Sasa tazama huyu shemeji yangu," Mama Alal aliendelea. "Yeye anajua haina kazi. Duka lote la Kampala halipokei. Na ametoa pensheni! Kwa sababu gani? Kwa sababu ya Ogwang. Siku tulimzika Ogwang, huyu alipiga tarumbeta bila kuomba hata chai. Mimi nilisema, huyu mtu watu wanamsema bure. Leo mmeona wenyewe. Akinipa mimi, nitamaliza kutoboa, nitamfunga mtoto kiunoni. Mtoto ni msichana, ataitwa Akullo, yaani Okullo wa kike."

Vigelegele vikapaa hadi juu ya mvua. Wanakwaya walianza wimbo kwa sauti tatu ambazo hazikuwa zimepatana. Séraphine alijifuta machozi kwa koti la mumewe, na Mushagalusa mwenyewe alimtazama jirani yake kama mtu aliyegundua kwamba kuku wake ni malaika.

Okullo alikuwa amejiandaa kuwa mwizi mdogo, wa kiasi, mwizi wa kukaa benchi la mbele. Hakujiandaa kuwa mtakatifu. Mwizi hutubu usiku akalala. Mtakatifu hupewa watoto wa kuitwa jina lake, na kila mtoto huyo atakapopita njiani na peni iliyotobolewa kiunoni, Okullo atalisikia jina lake na kujua alichokificha. Alifikiri haraka. Akimpa Mama Alal, peni itatobolewa kesho umeme ukirudi. Akimpa Pasta, itatumika kukaza msumari wa bati. Akiirudisha kapuni kimya kimya, Séraphine hawezi kulishika koti lile milele. Na katika njia zote tatu ataendelea kuwa shemeji mwema, jambo asiloweza kulibeba.

"Nyamazeni," alisema.

Wakanyamaza, wakidhani anataka kusali.

"Peni hii si mbovu. Pesa ya London haina tundu, haijawahi kuwa nalo. Hizi herufi mbili hapa chini, ni peni chache sana duniani zilizo nazo katika hali kama hii. Wakusanyaji wa Ulaya wangeinunua kwa fedha ya kutosha kubadili paa hili lote." Tone likamwangukia Pasta kwenye pua, kama shahidi aliyeitwa kwa wakati wake. "Nililijua hilo kabla ya mia tano. Sikuinunua kwa sababu ya Ogwang. Ogwang nilimpenda, lakini leo sikumfikiria hata kidogo."

"Nilisema!" Mushagalusa aliruka. "Nilisema kuna kitu!"

"Ikala!" alisema Séraphine.

Mama Alal alimgeukia Okullo. "Kwa nini hukuniambia, shemeji?"

"Kwa sababu niliitaka."

"Sana?"

"Mama, sana mno."

Mama Alal alifunga tena fundo la leso ambalo halikuwa na kitu ndani. Mtu hakuweza kujua kama anataka kulia au kumpiga.

"Unaweza kuichukua," Okullo alimwambia. "Ni yako. Hukujua ulichotoa."

"Mimi nilitoa kwa Mungu," alijibu. "Mungu yeye alijua. Sitii mkono kapuni mara mbili mbele ya watu." Kisha akaongeza, "Lakini mtoto haitwi Akullo tena."

"Haki yako kabisa."

Guerschom, ambaye hakuwahi kukosa maneno tangu alipovuka mpaka, alisimama na peni kiganjani asijue aitie wapi. Mvua iliongezeka. Hakuna aliyetoka.

Okullo akaitazama mara ya mwisho, mfalme na ndevu zake, bibi na mkuki wake, na viroboto wawili. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika uwanjani:

"Guerschom, irudishe kapuni. Inadiwe upya sasa hivi, kila mtu akijua ninachokijua, na fedha yake iwe ya paa. Arobaini yangu ibaki huko huko. Mtoto nitamletea peni nyingine, ninazo kopo zima, ile ndiyo mtaitoboa. Hii asiitoboe mtu yeyote. Na mimi nitainua mkono kama wengine, kwa pensheni ya mwezi ujao."