Rust, Go, au Nirudi Python

Wala msianze kunihubiria. Najua situlii. Asubuhi ile ofisini nilikuwa nimefungua masomo ya Rust, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, upande mmoja wa skrini na ya Go, lugha nyingine, upande wa pili, mguu unacheza chini ya meza, na mwenzangu tunayemwita Mjuaji amesimama nyuma yangu anatafuna karanga.

"Chukua Rust," akasema. "Ile haina msamaha, itakutia adabu."

"Juzi si ulisema Go?"

"Juzi ilikuwa juzi, bwana."

Nilitamani kumrushia kikombe. Mdomo wake huohuo ndio ulionifanya niitupe Python, na nilikuwa nimeshaandika nusu nzima ya programu ya dada yangu. Dada ni muuguzi wa chanjo. Aliniomba kitu kidogo tu: programu ya kuwatumia akina mama ujumbe wa simu siku ya sindano ya mtoto ikikaribia. Nikajitapa, "Dada, hiyo ni kazi ya wikiendi moja." Kisha Mjuaji akasema Python inajikokota, nikaanza upya kwa JavaScript. Nikasikia watu wanaisifia Go, nikaanza upya tena. Kila lugha naandika ukurasa uleule wa kuingiza jina la mtoto na tarehe, unapendeza kwelikweli, halafu roho inaanza kuniwasha: je, kama nimechagua vibaya? Kwenye kutuma ujumbe wenyewe sijawahi kufika.

Mchana nikaamua. Rust! Nikajisikia mwepesi, nikapita kliniki kumpa dada habari njema.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha sindano, chakula chake hakijaguswa, kadi za watoto zimemjaa mapajani, anapiga simu moja baada ya nyingine. Sauti ilikuwa imeshaanza kumkauka.

"Dada, nimepata lugha. Safari hii sirudi nyuma."

Hakuuliza ni ipi. "Ile ya kwanza ilikuwa na ubaya gani?"

"Haikuwa na ubaya, ila..."

"Ila nini, mdogo wangu?"

Akanisukumia nusu ya kadi pamoja na simu ya kliniki.

"Hawa wamepitiliza siku. Piga."

Nikapiga ya kwanza. Akapokea mama mmoja, nyuma yake mtoto analia. Nikamwambia mwanawe amepitiliza siku ya sindano ya surua, na kwa haraka zangu nikamuuliza, tena kwa ukali, mbona hakumleta.

"Muuguzi alituambia siku hizi mtatuma ujumbe," akasema. "Kila siku naangalia simu. Nikaona nisije nikawasumbua bure kabla hamjaniita."

Niliona haya, haya ya kutaka ardhi ipasuke niingie. Nikamtazama dada, naye akageukia ukutani. Alikuwa amewaahidi wote hawa kwa kuniamini mimi.

"Kosa ni letu, mama," nikasema.

"Si neno, mwanangu. Kwa hiyo niendelee kuusubiri huo ujumbe?"

"Usisubiri," nikamwambia. "Njoo leo. Njoo sasa hivi."