Nyumba au Kaburi

Mwaka wa 1971 serikali ilipoamua kuvuta maji ya ziwa hadi kwenye tangi jipya juu ya Otonglo, bomba lao halikuona pa kupita ila kwangu. Mimi ni Obiero, seremala, na hasira zangu ziko karibu. Walipopigilia vigingi vyekundu katika boma langu, niling'oa cha kwanza nikakitupa kwenye mahindi. Chifu alinilazimisha kukirudisha. Nilikirudisha, ila nilikipigilia upande.

Mke wangu Milka hakupiga kelele. Alienda kusimama kwenye kigingi cha nne, kilichokuwa kimeingia katika kaburi la mwanetu Enos, akakaa pale mpaka jua likamchoma.

Enos alikufa maji mwaka wa 1963, akiwa na miaka kumi na tisa, mtumbwi wao wa uvuvi ulipopinduka. Wenzake wawili waliopolewa wakiwa hai. Yeye hakuonekana. Siku hizo Milka alikuwa amelazwa hospitalini Kisumu. Mimba ilikuwa imeharibika na damu ilikuwa imemwishia. Hakula, hakunywa, kazi yake ilikuwa kuniuliza kama mtoto amepatikana. Siku ya tano nikamwambia ndiyo, amepatikana, lakini maji yamemharibu, tunamzika leo leo. Alilia sana, kisha akanywa uji. Baada ya ule uji, nani angerudi kumwambia kwamba nimedanganya?

Kwetu Wajaluo mtu akipotelea ziwani huzikwa tunda la yago badala yake, lile refu na zito kama mchi wa kutwangia, na kila mtu hujua kilichomo kaburini. Mimi nilifanya kwa siri. Nilitengeneza sanduku mwenyewe. Mimi na kaka yangu Laban tukatia yago, tukaongeza mchanga wa ufukweni mpaka uzito ukawa wa kijana, tukapigilia misumari mingi kupita kiasi. Waombolezaji walisema Obiero amemheshimu mwanawe. Milka aliporudi nyumbani alikuta kaburi limefunikwa, akachukua ufagio. Alilifagia miaka minane.

Basi tukaitwa barazani kwa chifu. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mwizi, wakaniletea mtu mwema. Afisa wa ardhi aliitwa Walubengo, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mzee Obiero," alisema, "hii shamba inachukuliwa kwa sheria, lakini wewe si mtu wa kufukuzwa. Uko na haki ya kulipwa, tena uko na haki ya kusikilizwa. Bomba inaweza pita njia mbili. Ikinyooka, inapita kwa kaburi. Hapo tutahamisha marehemu kwa heshima, daktari akiwa hapo, na nyinyi wenyewe mkiwa hapo. Ikipinda, inapita kwa nyumba yako. Chagua."

"Nyumba," nikasema kabla hajafunga mdomo. "Bomoeni nyumba."

Watu walicheka. Nyumba ile ya mabati niliijenga kwa miaka mitatu, na milango yake ndiyo iliyokuwa ikiniletea wateja. Laban hakucheka. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndipo Milka akasimama.

"Bwana, Kiswahili yangu ni kidogo, lakini hii maneno nitasema mwenyewe. Mimi sikuzika mtoto wangu. Nilikuwa hospitali. Sikumshika mkono, sikumuosha uso. Hii miaka yote naongea na mchanga. Kama sheria inasema mama akuwe hapo, mimi nataka kukuwa hapo. Hata kama ni mifupa tu, wacha nimuone mara moja."

Walubengo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, nimekusikia," alisema. "Lakini shamba iko kwa jina ya mzee. Neno la mwisho ni lake."

Wote wakanigeukia. Hiyo ndiyo haki niliyokuwa nayo, jamani: neno moja. Ningeweza kusema nyumba mara ya pili, wanione mlevi au mchawi, na siri yangu ingelala salama. Ningeweza pia kumshika mke wangu mkono, nikamtoa nje, nikamwambia. Nilimtazama Milka, naye akanitazama kama mtu anayeomba maji.

"Liandikwe kaburi," nikasema.

Tulipewa siku saba. Milka alienda mjini akanunua shuka jeupe, akalifua, akalipiga pasi ya makaa mara mbili. Alianza kuimba nyimbo za kanisani akipika. Kila asubuhi nilifungua mdomo nimwambie, na kila asubuhi aliniuliza jambo dogo, kama shuka litatosha, kama Enos alizikwa na viatu. Nilijibu litatosha. Nilijibu ndiyo, alizikwa na viatu. Laban alinifuata karakanani akaniambia, "Mwambie, au nimwambie mimi." Nikamwambia kesho. Mimi ni mwoga, wala sitafuti jina jingine.

Siku ya saba walichimba. Milka alikaa chini kando ya shimo, shuka likiwa mapajani. Sanduku lilitoka zima. Mbao zilikuwa zimelika kingo, lakini misumari ilikuwa imeshika. Fundi mbaya angeninusuru siku ile. Sanduku lake lingeporomoka, udongo ukachanganyika, na mama angeokota chochote akakiita mwanawe. Walubengo alimsihi asogee nyuma kidogo. Alikataa.

Kifuniko kikatolewa. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe wa ziwa, na yago lililokauka, ganda lake jeusi limepasuka. Daktari alipekua kwa kijiti kutoka kichwani hadi miguuni, akasema hapa hapajawahi kuwa na mtu. Walubengo alinitazama kana kwamba nilitaka kuiibia serikali. Yeye hakuelewa. Milka alielewa papo hapo. Mjaluo yeyote angeelewa.

Alilikunja shuka taratibu, pembe kwa pembe. Hakupiga yowe. Nilitamani apige yowe, au anipige mimi mbele ya wote.

"Mama Enos," nikasema, "nilitaka upone."

Aligeuka akatazama kule chini ziwani.

"Baba Enos," alisema, "miaka minane umeniangalia nikila samaki."

Ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha samaki tangu mwaka ule, nikisingizia tumbo. Wa kwake nilikuwa nikiwanunua mimi, kila Jumamosi, sokoni Otonglo.