Koti la Rodrick

Jamani, nimechoka. Niseme wazi kabla hamjaniita mtu wa Mungu. Nimechoka na hiki kizibao cha njano nilichopewa na polisi wa mtaa wetu, na nimechoka na simu za Afande Chen. Mshahara hakuna. Mwafrika akipatwa na jambo hapa Guangzhou, awe kakamatwa, anaumwa au kafiwa, naitwa nikae naye, nimwombee, nimshike mkono. Nami ni mwinjilisti wa kawaida tu kutoka Tukuyu, nina viatu vyangu vinasubiri kontena.

Watu nao wamenizoea vibaya. Nikiingia Tianxiu, jengo la maduka wanakonunua Waafrika, kutafuta wakala wa mizigo, mazungumzo yanakatika. Majuzi Mama Henriette, Mkongomani, aliangua kilio nikimuuliza bei ya chaja. "Mon Dieu, Mungu wangu, ni nani tena?" Nikamwambia, mama, nataka chaja tu!

Jumanne asubuhi Rodrick, kijana mwenzetu wa biashara, alianguka ngazini na mzigo mgongoni, akafia hospitali. Dada yake, Kissa, ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Kissa alikuwa mtaa wa Guangyuan Xilu, ananunua nguo. Afande Chen alitaka aambiwe hukohuko dukani, kisha aende kumtambua maiti. Nikamweleza kwamba kwetu mtu hapewi msiba amesimama sokoni. Unamwambia ndugu yako kazidiwa, unamchukua taratibu mpaka akae, azungukwe na watu wake, ndipo anaambiwa. Chen akatikisa kichwa, akanionyesha simu yake, ile inayotafsiri. Nisiposema mimi, itasema yenyewe. Si kijana mbaya, ila naye amechoka na ana wakubwa zake. Nikaifikiria ile sauti ya mashine ikimwambia Kissa, nikakubali kwenda mwenyewe.

Tulipofika, Chen alisimama mlangoni, nikaingia peke yangu.

Wauzaji wa pale wamempachika Kissa jina la Tai Gui Le, yaani ghali mno, maana ndilo neno lake hata kabla ya salamu. Aliniona. Akakitazama kizibao, akamtazama Chen pale mlangoni, kisha akageukia nguo.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, mwanangu. Kissa, naomba tu..."

"Ngoja kwanza. Njoo hapa. Wewe na Rodrick mnalingana mabega."

Akanivalisha koti la suti, la kijivu. Akanivuta mikono, akanigeuza, akaangalia mgongo. "Hili hapana." Akachukua jeusi.

"Kissa, nisikilize."

"Funga vifungo, Baba."

Nikafunga. Akaninyoosha kola. Chen akaangalia saa, akatoa simu mfukoni. Nikamwinulia kiganja, huku moyoni nikimsihi Mungu amzuie palepale.

Mwenye duka, mama wa Kichina, akataja bei. Ilikuwa bei ya wizi mtupu, ya mtu anayejua ataambiwa ghali mno, na kikokotoo alikuwa ameshamsogezea Kissa aandike bei yake. Kissa hakukigusa. Akalipa yote bila kudai punguzo. Yule mama akabaki ameduwaa.

Hapo nikaelewa: alishajua, na koti lilikuwa la kumzikia Rodrick. Machozi yakanitoka, mimi niliyeitwa kubembeleza wengine. Niliona aibu, na nilimhurumia.

Kissa akanivua koti, akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono. Akawaita Flavia na Martina, wenzake wa safari, waliokuwa wanachagua magauni meza ya pili. "Njooni mkae na mimi kidogo." Walipokiona kizibao changu wakayaacha magauni, wakaja. Kissa akavuta robota la nguo, akakaa, nao wakakaa huku na huku, wakamshika mabega. Koti akalipakata.

"Haya, Baba," akasema. "Nimeshakaa. Sasa niambie."